Duka la bondeni kwenye masika makubwa

Nina duka la rejareja Kigogo, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Desemba 2011, mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam yaliniingilia usiku. Asubuhi nilikuta sembe imekuwa uji na gunia la sukari limebaki tupu. Kilichoniuma zaidi ni daftari la madeni: wino ulikuwa umeyeyuka, sijui tena nani namdai kiasi gani. Kwa hiyo wewe mwenye duka bondeni, anza na daftari. Kila jioni lipige picha kwa simu, kisha litie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na uondoke nalo.

Usitegemee wingu lililo juu ya bati lako. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Kule kukinyesha usiku kucha, huku mto unafurika jua likiwaka. Mimi nina rafiki anauza mkaa Pugu. Akinipigia alfajiri kwamba huko kunamwagika, napandisha mizigo. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na tahadhari mvua kubwa ikikaribia. Isikilize, halafu mpigie na mtu wa Pugu.

Chaga mbili hazitoshi. Mwaka ule maji yalinifika kiunoni. Fundi alinijengea dari la mbao juu ya kaunta, na huko ndiko zinakokaa sembe, sukari na chumvi, ndani ya ndoo kubwa zenye mifuniko. Chini nabakiza mabeseni na mifagio. Zima swichi kuu ya umeme mapema, usingoje maji mlangoni. Kwangu yalianza kutokea kwenye shimo la choo.

Mzigo wa Kariakoo chukua wa kutosha wiki mbili, kabla mvua haijakolea. Jangwani, pale barabara inapovuka Msimbazi, pakijaa, magari yote yanasongamana kwenye njia chache zilizobaki na wenye kirikuu, vile vigari vya mizigo, wanapandisha nauli. Ongeza maharage, dagaa, mishumaa, viberiti. Soda punguza.

Sasa mikopo, maana hapa ndipo maduka mengi hufa hata yasipoguswa na maji. Mvua za El Niño zilianza na vuli ya 2023 zikaendelea hadi masika. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua hizo. Miezi ile kibarua wa ujenzi hakuitwa kazini, mama wa kufua hakuwa na jua la kuanikia, muuza mitumba alikaa na marobota yake ndani. Wote walikuja kwangu. Ukiwakatalia, watoto wanalala njaa. Ukiwakubalia kila kitu, huna hela ya kununulia mzigo. Nilipanga kiwango: shilingi 15,000 kwa nyumba, na ni kwa unga, mafuta, sabuni na dawa ya maji tu. Vocha na soda ni taslimu. Niliwaambia mapema, mvua haijakolea, ili mtu asiaibike mbele ya wenzake. Nilikopesha nyumba 11. Tisa zimelipa zote. Mbili bado nazidai, na wanaendelea kununua kwangu.

Maji yakishuka, usiuze chakula chochote yaliyokigusa, hata kama pakiti inaonekana nzima. Yamepita vyooni, na kipindupindu kinaanza hivyo hivyo. Mchele uliolowa usiuanike. Osha sakafu kwa sabuni matope yaishe, ndipo upake dawa ya klorini; ukiipaka juu ya tope inapungua nguvu. Friji usiichomeke mpaka fundi aifungue na kuikausha. Na kila pakiti unayotupa ichane kwanza uimwage, kwa sababu watoto wa bondeni huziokota.