Mpapindi wa Pemba: uoteshe shambani, uuache msituni

Barabara ya kutoka Konde kwenda Vumawimbi huingia msitu wa Ngezi, na ghafla jua hupotea. Humo chini ya miti mikubwa, katika udongo unaobaki na unyevunyevu hata wakati wa kiangazi, imesimama mimea ambayo mgeni huidhania mipopoo. Mashina yake ni membamba na yamenyooka, kijani yanapokuwa machanga na kijivu yanapokomaa. Yamejaa pete za makovu pale makuti yalipoanguka. Mara nyingi mashina kadhaa huchipuka pamoja kwenye kitako kimoja. Ikizaa, hutoa vichala vya matunda madogo mekundu. Huo ndio mpapindi.

Kitaalamu unaitwa Dypsis pembana, ingawa siku hizi wataalamu wameurudishia jina la kwanza, Chrysalidocarpus pembanus, ulilopewa mwaka 1962. Yote mawili yamebeba jina la Pemba, na ni haki yake, kwa sababu mmea huu hauoti wenyewe porini mahali pengine popote duniani. Ndugu zake wamejaa Bukini, yaani Madagaska, na wachache wako Komoro. Ng'ambo ya pili ya mkondo, bara ya Afrika, hayumo hata mmoja. Ule mmea wa mapambo wenye vikonyo vya manjano unaouzwa katika vyungu mijini na kupangwa mbele ya mahoteli ni ndugu yake wa Bukini. Inanisikitisha kuona watu wa Pemba wanaununua huo kwa fedha, na huu wa kwao wenyewe hawaujui hata jina.

Kwa nini umekuwa adimu? Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha Pemba karibu salama. Baada ya hapo vilima vya Pemba vilifyekwa na kupandwa karafuu, tena kwa jasho la watumwa, hata kisiwa kikawa ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Msitu ukabaki vipande: Ngezi, wenye hekta zipatazo 1,450, pamoja na Msitu Mkuu na Ras Kiuyu. Mmea unaopenda kivuli na unyevu hauna pa kukimbilia kivuli kikiondoka. Leo mpapindi umehesabiwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari ya kutoweka duniani.

Hata hivyo, mkulima wa karafuu anao tayari karibu ujuzi wote ambao mpapindi unauhitaji. Anajua kwamba mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa. Anajua kuivua nyama, kuisia mbichi, na kuulea mche chini ya banda la makuti mpaka ukomae. Kazi ni ile ile, na mazoea ni yale yale. Kilichobaki ni kuyageuzia mazoea hayo kwenye mmea mwingine, katika zile kona za shamba ambazo mkarafuu wenyewe haustawi.

Kabla ya jambo lolote, tafadhali usiing'oe miche msituni. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ambalo mtu mwenye nia njema hulifanya kwanza. Anauona mche mdogo unapendeza, anaung'oa, anaupeleka nyumbani, na baada ya wiki chache umekauka. Mizizi ya jamii ya minazi ikikatwa hairudi upesi, na mche uliozoea giza la Ngezi ukiwekwa juani huungua makuti yote. Msitu umepoteza mche, na wewe hukupata kitu. Isitoshe, ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchukua chochote bila idhini. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya 1996 inahusika, na bwana misitu wa eneo lako ndiye wa kumwendea kwanza. Mweleze unataka mbegu za nini na utazipanda wapi. Kama shehia yenu ina mkataba wa msitu wa jamii, pitia kwenye kamati yenu.

Ukishapata ruhusa, okota matunda yaliyoiva yakawa mekundu, yaliyoanguka au yanayobanduka kwa kuguswa tu. Usikate kichala kizima. Acha zaidi ya nusu kwa ajili ya ndege na ardhi yenyewe, kwani msitu nao unapanda. Wala usichukue mbegu zako zote kwenye mama mmoja. Chukua chache kwa huyu na chache kwa yule, ili miche yako isiwe yote ya tumbo moja. Na kama unaokota kwenye mpapindi uliopandwa bustanini karibu na ule wa mapambo wa Bukini, bora uache, kwa maana mimea ya ukoo wa karibu hivi huweza kuchanganya chavua, na tunachokitaka ni mpapindi halisi.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake, ivue mbegu nyama. Roweka matunda kwenye ndoo ya maji usiku kucha, halafu yasugue kwa mchanga mpaka ibaki mbegu tupu. Vaa mfuko wa plastiki mikononi, maana nyama ya matunda ya jamii hii huweza kuwasha ngozi. Zinazoelea kwenye maji zitupe. Zilizozama zisie siku ile ile. Usizianike, usizifunge kwenye karatasi ukaziweka kabatini, usisubiri mpaka banda limalizike. Andaa banda kwanza, ndipo uende kutafuta mbegu.

Tuta la kusia liwe na mchanga wa mbali na pwani uliochanganywa na makumbi yaliyooza au mboji ya majani. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie. Fukia mbegu sentimeta moja mpaka mbili, tandaza majani makavu juu yake, na mwagilia kwa kopo la matundu ili usizifukue. Tuta lisikauke, wala lisisimamishe maji. Kisha vumilia. Mbegu za mimea hii hazioti pamoja kama mahindi. Miezi miwili au mitatu ni kawaida, na nyingine huchelewa zaidi. Mara nyingi mtu huvunja tuta na kupanda mchicha wakati mbegu zake ndizo zinaanza kuamka chini.

Mche ukiwa na majani mawili, uhamishie kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) kirefu, cha sentimeta 20 au zaidi, maana mizizi hushuka mapema. Ubebe na udongo wake. Banda la makuti liwe linapitisha kiasi cha nusu ya mwanga, na uanze kulipunguza kuti moja moja miezi michache kabla ya kupanda shambani. Miche itakaa kitaluni mwaka mmoja na zaidi, pengine mwaka na nusu. Usiharakishe. Mche uliofika magotini unashindana na magugu, na ule wa kiganja humezwa.

Sasa, mahali. Hapa ndipo pa kufikiri zaidi kuliko pote. Baadhi ya wakulima wa Pemba wanalima kwenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, au kwenye vipande vilivyomegwa kutoka humo kwa urithi. Karibu kila kipande kina kona yake ngumu: mteremko unaoshuka bondeni, ukingo wa kijito juu kidogo ya mpunga, chini ya mfenesi au mwembe mkubwa ambako muhogo hauzai. Hapo ndipo pa mpapindi. Penye udongo wenye majani yaliyooza, unyevu wa kudumu, na kivuli cha mchana. Pale juu kilimani penye upepo na jua la kaskazi usijaribu, na wala usipande pale maji yanaposimama siku nyingi. Wakulima wanaopakana na Ngezi wana nafasi bora kuliko wote, kwa sababu mstari wa mpapindi kwenye mpaka wa shamba unaurefusha msitu kwa hatua chache, na ndege wanaokula matunda watavuka wenyewe.

Panda masika yanapoanza. Shimo la sentimeta 40 kila upande linatosha, na udongo wa juu urudishwe chini pamoja na samadi iliyooza vizuri. Acha mita tatu kati ya mche na mche. Kitako cha mche kibaki usawa wa ardhi, kisifukiwe. Tandaza majani au makumbi kuuzunguka, lakini yasigusane na shina.

Miaka miwili ya kwanza adui mkubwa ni mbuzi, akifuatiwa na jembe. Mbuzi hupenda jani changa, kwa hiyo zungushia miiba au fito, na mfugo wa jirani ufungwe. Kuhusu jembe, chomeka kijiti kirefu kando ya kila mche kabla ya kupalilia au kusafisha chini ya mikarafuu wakati wa mavuno, na waonyeshe vibarua. Karibu na mche palilia kwa mkono. Moto usikaribishwe kabisa, kwa sababu kilele cha mmea huu ni kimoja kwa kila shina, kama cha mnazi. Kikiungua au kikikatwa, shina hilo limekwisha.

Mdudu chonga, anayetoboa vilele vya minazi, huzaliana kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya samadi. Yaondoe magogo hayo shambani, na samadi uigeuze mara kwa mara. Utakuwa umeisaidia minazi yako pia.

Anayedhani mkulima hawezi kuokoa kiumbe cha kisiwa chake amtazame popo wa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana. Vijiji kama Kidike vikaacha kuwawinda na kuanza kuwalinda kwenye miti yao, na leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Kwenye kila kiriba andika kwa wino usiofutika mwezi ulioisia mbegu na mahali ilipookotwa. Miche ikizidi kona ulizonazo, mpe jirani pamoja na maandishi hayo, umwonyeshe na kijiti cha kuchomeka kando.