Ingiza makala za utafiti wako kwenye semina ya uzamili

Wahadhiri wenzangu, kusahihisha kunameza muhula mzima, na kupanda kutoka Mhadhiri hadi Mhadhiri Mwandamizi bado kunadai machapisho. Jaribu hili: unapopanga orodha ya kusoma ya semina ya uzamili, weka humo makala nne au tano ambazo ungelazimika kuzisoma kwa ajili ya andiko lako. Maandalizi ya kipindi yanakuwa ndiyo mapitio ya kazi tangulizi. Ila faida kubwa iko baada ya kipindi. Usikimbilie barua pepe. Kaa nusu saa uandike aya moja ndani ya rasimu yenyewe, si kwenye daftari la pembeni. Mwanafunzi akiuliza, "Mbona waliohojiwa wote ni wa mjini?", pengo la utafiti ndilo hilo, na ukilala nalo bila kuliandika limepotea. Wazo likiwa la mwanafunzi, mtaje kwenye shukrani. Likibeba hoja nzima, andika naye.

Haifai kwa kozi ya mwaka wa kwanza yenye mamia ya wanafunzi na silabasi isiyogusika. Inakwama pia mada yako ikiwa mbali na malengo ya kozi. Hapo ukilazimisha unawadhulumu waliokuja kujifunza. Na kukusanya data kutoka kwa darasa lako ni jambo jingine kabisa: hilo linahitaji kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa yao, tena ridhaa isiyo na hofu ya alama.