SOMO: Jinsi ya kwenda kumuona mjusi wetu wa Tendaguru kule Berlin

Wakuu habari zenu. Kila msimu kuna watu wanakuja huku Ujerumani kusoma au kusalimia ndugu, wakifika Berlin swali ni moja, yule mjusi wa Lindi yuko wapi, yaani mifupa ya dinosaria mkubwa iliyochimbwa kilima cha Tendaguru kule Lindi. Yuko makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Halafu wakienda wanapiga selfi chini ya shingo, dakika tano washatoka, kiingilio kimeliwa. Nimeona niweke somo kabisa.

HATUA YA 1: Tiketi. Kata mtandaoni na uchague saa yako, wikiendi na siku za likizo foleni ni ndefu. Jumatatu wanafunga, usijisumbue. Bei angalia kwenye tovuti yao siku hiyohiyo, na uangalie pia kumbi zipi zimefungwa maana ukarabati unaendelea.

HATUA YA 2: Kufika. Panda treni ya chini U6 ushuke Naturkundemuseum, stesheni ina jina la makumbusho yenyewe. Jengo liko Invalidenstraße namba 43, la zamani sana, lilifunguliwa 1889. Ukiwa Hauptbahnhof, stesheni kuu ya treni, hata kwa miguu unafika.

HATUA YA 3: Hii usiiruke, isome ukiwa kwenye treni. Watu wa Lindi mifupa ile walikuwa wanaiona siku zote, mwaka 1906 ndo ikamfikia injinia wa madini Mjerumani, Sattler, na wakati huo vita vya Majimaji na njaa yake vilikuwa vinaisaga Kusini yote. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wakachimba kilima cha Tendaguru, ila wanaposema wamechimba wao elewa kwamba jembe lilikuwa mikononi mwa Waafrika, mamia ya vibarua, wengine na wake zao na watoto wamepiga kambi palepale. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na huyu bwana alijua kusafisha na kufunga mfupa kuliko wengi waliotoka Ulaya. Punda na ng'ombe hawakufaa sababu ya mbung'o, kwa hiyo mzigo wote, zaidi ya tani 200, ulienda kichwani na mabegani mwendo wa kama siku nne mpaka bandari ya Lindi. Mifupa mingi ilifungwa kwenye mianzi, na hamtaamini, mingine ya ile mianzi karne nzima imepita haijafunguliwa, wamekuja kuipiga CT skani, picha za kuona ndani bila kufungua, miaka hii.

HATUA YA 4: Ukumbini. Ukiingia tu unakutana naye, mita 13.27 kwenda juu, hakuna mjusi wa kale aliyesimamishwa mrefu kumpita. Usikimbilie kuangalia kichwa. Anza na mguu wa mbele, tafuta ule mfupa wa juu wa mkono unaoanzia begani, peke yake una zaidi ya mita mbili, yani simama sambamba nao ujione ulivyo mfupi. Sogea mpaka pale wanaporuhusu uone zile nyufa zilizogundishwa, kila ufa una mtu aliyekaa nao na gundi. Alisimamishwa mara ya kwanza 1937, akabomolewa, akapangwa upya 2007 miguu ikiwa imenyooka zaidi.

Halafu zunguka. Yule mwenye miiba mgongoni anaitwa Kentrosaurus, naye wa Tendaguru, na wadogo wengine kadhaa pale pembeni ni ndugu zake wa Lindi. Ila yule mrefu mwenye mkia kama mjeledi, Diplodocus, ni nakala ya Marekani, msimpe sifa za kwetu.

HATUA YA 5: Vingine, kama miguu bado ina nguvu. Jiwe lenye Archaeopteryx, ndege mwenye meno, lile lenyewe sio nakala. Halafu chumba cha chupa, samaki na nyoka kwenye spiriti, kuta ni za kioo na taa zinawaka kwa nyuma. Upande huo wa jengo ulipigwa bomu 1945 ukakaa gofu mpaka ukafunguliwa tena 2010. Mimi ningeanza na ukumbi wa mjusi asubuhi, chupa mwisho, maana wenye roho nyepesi hamtakula mchana.

MASWALI YENU

Swali: Mkuu, ile mifupa ni ya kweli au plastiki?
Jibu: Mingi ni ya kweli, imeunganishwa kutoka kwa mijusi zaidi ya mmoja. Fuvu na pingili za shingo na mgongo ni nakala, zenyewe ni nzito na tete haziwezi kukaa juu.

Swali: Kaka kwa nini tusiidai irudi? Inaniuma sana.
Jibu: Inauma wengi dada, hata bungeni imeshasemwa. Mwaka 2018 serikali yetu ilisema haitaidai, inataka ushirikiano wa uchimbaji na utafiti. Mimi nasema tuanze na kudai majina. Wataalamu wameshampa mjusi mmoja jina la Boheti, Australodocus bohetii, na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera, kabila la hukohuko Lindi, na msimamizi mwingine wa uchimbaji, Mohammadi Keranje. Watoto wetu shuleni wanawajua hawa?

Swali: Nasikia na Waingereza walichukua?
Jibu: Ndio, walichimba palepale kuanzia 1924 mpaka 1931, yao iko London.

Swali: Sisi tulioko Bongo bila viza tufanyeje?
Jibu: Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani la 1900, mahali pazuri pa kupeleka watoto. Mkenya aende makumbusho ya Nairobi amuone tembo Ahmed wa Marsabit.

Swali: Na Tendaguru kwenyewe mtu anaweza kwenda?
Jibu: Anaweza, ila ni porini, pitia Lindi mjini kwanza uulize utaratibu na upate mwenyeji wa kukuongoza, masika usijaribu barabara inaliwa na maji. Na ukiokota kipande cha mfupa kirudishe hapohapo chini, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu uondoke nacho mfukoni.