STPP kwenye sabuni ya unga: pima maji kabla ya kuitia

STPP (sodium tripolyphosphate), yaani fosfati ya sodiamu ya unga mweupe, hukamata chokaa na magnesiamu ya kwenye maji ili sabuni ifanye kazi yake. Pia huzuia uchafu usirudi kwenye nguo. Basi ukiitia kwa mazoea tu, unamwaga hela. Visima vingi vya miteremko ya Mlima Meru, Arusha, vina floraidi nyingi na chokaa kidogo, na floraidi STPP haiiondoi.

Pima hivi: chupa mbili, moja ina maji ya mvua, nyingine maji unayofulia. Tia kila moja kijiko cha chai cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya mvua, kisha tikisa. Povu likidumu kote, maji yako ni laini. Chupa ya maji unayofulia ikikataa kutoa povu na kuacha utando mweupe, maji hayo yana chokaa.

Kwa kilo 10 za sabuni ya unga ya kutumia kwenye maji yenye chokaa: soda ash (kaboneti ya sodiamu) kilo 4, salfeti ya sodiamu (ya kujazia) kilo 3.7, salfoniki (asidi nzito ya kutengenezea sabuni) kilo 1.3, STPP kilo 1. Maji laini? STPP gramu 300 zinatosha, pengo lijaze kwa salfeti.

Vaa glavu, miwani na barakoa, salfoniki inaunguza. Changanya soda ash na salfeti, halafu mimina salfoniki kidogo kidogo kama uzi, mwenzako akikoroga bila kusimama. Mchanganyiko utapata joto na kufura. Vunja mabonge, pitisha kwenye chekeche, uache upoe kabisa. Hapo ndipo STPP inaingia, na pafyumu mwisho. Wengi hukosea hapa: wakiitia mapema, asidi, joto na unyevu huivunja kuwa fosfati ndogo ambazo hazishiki chokaa vizuri, bali huganda nayo. Utaona chenga nyeupe chini ya beseni na nguo zinakauka ngumu.

Ukiyeyusha STPP kwa ajili ya sabuni ya maji, nyunyiza unga kwenye maji ya uvuguvugu huku ukikoroga. Ukimwagia maji juu ya unga, inashika kama jiwe. Masika ya Moshi nayo huigandisha, kwa hiyo ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Maji ya kufulia yaende kwenye karo (shimo la maji machafu), si mtoni. Fosfati ni mbolea ya mwani, na maji ya mto Themi wa Arusha huingia mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.