Vidoti vyeusi kwenye ulimi: jinsi ya kujua kama ni vya kawaida

Umejiangalia kwenye kioo ukaona vidoti vyeusi ulimini, ushaanza kuwaza kansa. Tulia kwanza, mie ninavyo toka niko sekondari na bado nadunda.

Simama penye mwanga wa jua au washa tochi ya simu, ila sio dakika hiyo umetoka kunywa kahawa. Toa ulimi, ukaushe na kitambaa safi afu sogea karibu kabisa. Utaona vinundu vidogo vya mviringo, vimejaa zaidi kwenye ncha na pembeni, kawaida ni vya pinki. Sasa kama ukahawia au weusi umekaa juu ya vinundu hivyo tu na nyama iliyo kati ya kinundu na kinundu imebaki pinki, yaani kama mtu kakudonoadonoa na ncha ya kalamu, hiyo ni melanini, ileile inayotupa rangi ya ngozi. Watu weusi ndio tunavyo zaidi, mara nyingi vinaanza ujanani, haviumi, haviwashi na havihitaji dawa.

Pitisha mswaki taratibu. Havitoki? Poa, ndivyo vilivyo, na tafadhali usianze kusugua na limau utajichubua bure. Weusi ulio katikati kuelekea nyuma, unaofanana na manyoya na unapungua ukisugua, huo ni mwingine, mara nyingi unaletwa na sigara, antibayotiki au kutosafisha ulimi, na dawa za tumbo zenye bismathi nazo zinaweza kuupaka ulimi weusi kwa siku chache tu.

Kisichokuwa cha kukaa nacho nyumbani ni doa moja la peke yake linalokua, kingo hazieleweki, rangi zimechanganyika, linatoa damu au ni gumu ukiligusa. Pia weusi uliokuja ghafla ukubwani, fizi na mistari ya viganja navyo vimekuwa vyeusi, huku unakonda, umechoka muda wote na unatamani chumvi, hapo nenda upimwe damu maana inaweza kuwa shida ya tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo. Na kama umeanza dawa mpya karibuni itaje, zipo zinazotia rangi mdomoni.

Kwa vile vidoti vya kawaida daktari wa meno au wa ngozi anaangalia tu kwa macho anamaliza, ni nadra sana akakata kinyama kwenda kupima. Bado una wasiwasi? Piga picha leo, rudia baada ya miezi mitatu kwa mwanga uleule, linganisha.