Fungua Racheti ya Zamani Kabla Hujaitupa

"Hiyo imekufa, mzee. Inazunguka huku na huku, haikamati."

Ndivyo alivyoniambia kijana wa mizani pale Tanga, kwenye banda la vyuma chakavu. Racheti ya nusu inchi, ule mpini wa kufungulia nati, ilikuwa imelala kati ya rimu za baiskeli na vipande vya nondo, nyeusi kwa grisi iliyoganda, kichwa chake cha duara refu kama parachichi. Jina la kampuni lilishalika. Yamebaki maneno Made in England tu. Nikamwambia, "Mwanangu, nipimie hivyo hivyo ilivyokufa." Akakataa kuipima, akataka elfu nne. Nikalipa. Kabla ya magharibi ilikuwa inafungua nati za gurudumu la pikapu ya jirani.

Naandika haya kwa sababu naona vifaa vizuri vinapelekwa kuyeyushwa wakati ugonjwa wake ni uchafu na springi iliyochoka. Katika racheti zote nilizowahi kufungua, zilizovunjika meno kweli ni chache sana.

Baba yangu alikuwa fita, fundi wa mitambo, kwenye kinu cha mkonge, na mkoa wetu una vyuma vingi vya zamani kwa sababu zinazojulikana. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo mkonge ukaingia nchini. Reli na mashamba vilihitaji karakana, na karakana zilihitaji spana. Ndiyo maana mpaka leo unaokota kifaa chenye herufi EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa 1948; bandari zilitengwa 1969, kwa hiyo alama hiyo inakupa umri wa kifaa bila kumuuliza mtu. Ukiona alama ya mshale mdogo wa mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja, pamoja na mwaka, labda 1942 au 1943, hicho kilikuwa kifaa cha jeshi la Uingereza. Baada ya vita vitu vingi vya jeshi viliuzwa, na mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 ukafa 1951, ulitumia mitambo mingi ya aina hiyo. Za Kijerumani nazo zipo. Gedore, kwa mfano, ilianza 1919, na jina lake ni vifupisho vya ndugu wa ukoo wa Dowidat wa mji wa Remscheid.

Alama hizo usizisage. Nimeona mtu akichukua spana ya mshale akaipitisha kwenye grainda mpaka ikang'aa kama kijiko. Alichobaki nacho ni chuma chembamba kisicho na habari yoyote. Na jambo jingine, lisemwe wazi: kifaa chenye alama ya shirika linalofanya kazi leo usikinunue bandani. Reli na umeme vinaibiwa sana, na mnunuzi naye anashikwa.

Sikiliza kabla hujalipa

Racheti unaijua tayari hata kama hujawahi kuishika. Ukiacha kupiga pedeli na baiskeli ikateremka, ile tik-tik-tik kwenye friwili ndiyo racheti: gia yenye meno, na kiulimi kinachosukumwa na springi kiingie kati ya meno hayo. Upande mmoja kiulimi kinaruka, upande wa pili kinakwama. Kiko kijiti cha kubadili upande, na ndani yake kuna gololi ndogo na springi inayokikalisha upande uliouchagua.

Basi ukiwa bandani, shika ule mraba wa kuvalishia boksi, yaani soketi, kile kikombe kinachovaa nati, kwa vidole viwili, ukaze kidogo, halafu zungusha mpini taratibu mzunguko mzima huku ukihesabu milio. Za zamani nyingi zina meno 24, yaani mpini unasogea nyuzi 15 kwa kila mlio. Za kisasa zinafika 72, nyuzi 5 tu, nzuri mahali pa kubana, ila kila jino ni dogo. Mimi kwa nati za gari kubwa napenda meno 24. Ukihesabu na mlio mmoja ukakosekana mahali pale pale kila mzunguko, jino limevunjika. Milio ikikosekana ovyo ovyo, leo hapa kesho pale, kiulimi kimegandishwa na uchafu au springi imelegea. Hiyo nunua.

Kisha tazama mraba kwa mbele, ukiuelekeza machoni kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Ukiwa umejipinda, mtu alitia bomba kwenye mpini akaning'inia. Mraba uliopinda haunyoshwi. Usiupige, usiupashe moto.

Boksi zenyewe, ufa wake ni mwembamba kuliko unywele. Baba alinifundisha hivi: paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa, halafu paka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yachore mstari kwenye chaki. Boksi yenye mstari huo iache hapo hapo. Siku moja itapasuka mkononi mwa mtu.

Kuifungua

Tandika kitambaa cheupe. Kama ni mara yako ya kwanza, fanyia kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, mikono yote miwili ndani, kwa sababu ile springi ndogo ikiruka chumbani hutaiona tena. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu.

Racheti niliyoinunua ina kifuniko cha bati nene nyuma, kimeshikwa na skrubu mbili za mfuo mmoja. Nyingine hazina skrubu, zimefungwa kwa sekilipi, ile pete ya chuma iliyokatwa. Skrubu za miaka hiyo zimekwama, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Kwanza safisha mfuo kwa sindano mpaka uone chuma. Tia tone la dizeli, lala. Kesho chukua bisibisi inayojaa mfuo wote, kwa upana na kwa unene, uisimamishe wima, uipige kwa nyundo mara tatu nne kavu, ndipo uzungushe. Yale mapigo ndiyo yanayovunja kutu. Bisibisi nyembamba itakula mfuo, na ukishaliwa umebaki na kazi ya kutoboa.

Nilipoinua kile kifuniko sikuona meno. Kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilichogandamana kama gundi ya seremala: grisi ya miaka mingi iliyochanganyika na nyuzi za mkonge. Nyuzi za mkonge ndani ya racheti! Nilikaa nazo kidogo mkononi. Kifaa hicho kilikuwa kwenye kinu, pengine si mbali na alipokuwa baba.

Loweka vipande vyote kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, kisha suuza kwa mswaki wa zamani. Usitie siki wala ndimu kwenye springi na kiulimi. Asidi inaondoa kutu vizuri kwenye chuma laini, lakini chuma kigumu cha springi kinaweza kuwa dhaifu kwa ndani na kikakatika baadaye bila kujipinda kwanza.

Sasa tazama ncha za kiulimi chini ya mwanga, ukitumia kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Zinatakiwa kuwa na kona kali. Kwenye yangu, ncha ya upande wa kufungulia ilikuwa imeviringika kidogo, ndiyo sababu ilikuwa inaruka. Tupa haiwezi kukata chuma hicho, itateleza juu yake tu. Tumia jiwe laini la kunolea lenye mafuta, laza uso wa ncha bapa juu ya jiwe, sukuma mara tano, tazama. Mara tano tena, tazama. Fuata mwinamo ule ule uliopo. Unataka kurudisha kona, si kupunguza urefu. Mimi nilisukuma mara ishirini jumla nikaacha.

Springi iliyochoka utaijua: ukiiweka juu ya kitambaa ni fupi, na ukiibonyeza hairudi yote. Springi ya kusukumia jiwe ndani ya kiberiti cha gesi kilichokwisha inafaa racheti nyingi. Ikate iwe ndefu kidogo kuliko ile ya zamani. Ya kalamu ya biki kwa kawaida ni laini mno. Gololi ikipotea, nenda kwa fundi baiskeli. Za friwili huwa na inchi 1/8, za habu ya mbele 3/16, za habu ya nyuma 1/4. Nenda na tundu lenyewe ukajaribishe palepale, gololi iingie kwa uzito wake bila kulazimishwa.

Jino la gia likiwa limevunjika, usichomelee. Moto wa welding unaharibu ugumu wa meno yaliyobaki. Iweke racheti hiyo kwenye kopo la spea. Kiulimi chake na skrubu zake zitaokoa nyingine.

Mafuta, na kidole changu

Ukirudisha kila kitu, tia matone manne au matano ya mafuta ya cherehani. Basi. Zamani nilidhani nyingi ni bora, nikaijaza racheti nzuri ya robo tatu inchi kwa grisi ya beringi za magurudumu mpaka ikafura pembeni. Asubuhi moja ya Julai huko Lushoto, baridi kali, grisi ikawa ngumu, kiulimi kikachelewa kurudi kwenye jino. Nilikuwa nimeweka uzito wangu wote kwenye mpini. Ukaachia, mkono ukaenda kwenye chesisi, na kidole cha kati hakijanyooka sawasawa mpaka leo. Grisi nzito inakishikilia kiulimi. Na kila racheti uliyoifungua ijaribu kwanza kwenye bolti iliyobanwa kwenye vaisi, pande zote mbili, ukivuta kuelekea kwako polepole, kabla hujaiamini chini ya gari.

Spana na kutu

Kutu jepesi ni mafuta ya taa na brashi ya waya, sina la kuongeza. Kwa kutu lililoshiba natumia umeme na magadi, yale yale ya kupikia maharage. Ndoo ya plastiki yenye lita 15 za maji, vijiko vitano vya chakula vya magadi meupe, koroga. Chaja ya zamani ya betri ya gari, ya volti 12: waya hasi kwenye spana, waya chanya kwenye kipande cha nondo, vyote ndani ya maji na visigusane. Ukikosea ukageuza waya, spana yako ndiyo itakayoliwa. Viputo vinavyotoka kwenye spana ni hidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko na sigara, na uzime chaja kabla ya kuingiza mkono. Upande wa nondo usiweke chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu ndani ya maji. Kifaa chenye krome kinachobanduka usikitie humo, wala springi. Baada ya saa sita au nane toa, sugua ule weusi, suuza sana kwa sababu magadi yetu mara nyingine yana chumvi, anika juani mara moja na upake mafuta kikiwa bado na joto.

Ukishaona namba, utashangaa. Spana iliyoandikwa 1/2W haina upana wa nusu inchi. Ni ya Whitworth, mtindo ambao Joseph Whitworth aliupendekeza 1841, na namba hiyo ni unene wa bolti. Mdomo wake ni kama milimita 23.4, na mara nyingi pembeni imeandikwa 9/16BS kwa sababu inafaa pia bolti ya inchi 9/16 ya BS, mtindo mwingine wa Kiingereza. Usiitumie kwenye nati ya milimita 22, italegea na kuviringisha kona. Wenye mashine za zamani za kusaga na pampu za Kiingereza wanazitafuta spana hizi kwa udi na uvumba, kwa hiyo zitenge kwenye sanduku lake.

Nyundo isiyo na mpini nunua bila kusita. Mti wa mpera uliokauka kivulini miezi kadhaa unatengeneza mpini mzuri, na kabari yake uigonge kavu. Patasi ya chuma iliyochanua kichwa kama uyoga isage pembeni kwanza, vipande vyake vinaruka machoni.

Huku pwani adui ni hewa ya chumvi. Sanduku la maboksi ya karatasi au vumbi la mbao linanyonya unyevu, achana nalo. Mimi natumia sanduku la bati, kitambaa chenye oili safi juu, na vipande vya chaki pembeni, ambavyo navianika kila mwezi.

Racheti yangu bado inadai skrubu moja, kwani ya pili ilivunjika kichwa nilipoitoa. Fundi mmoja aliniletea ya M5, yaani ya milimita 5, akasema inaingia. Inaingia kweli, kwa sababu ile ya zamani ni 2BA, kipimo cha Kiingereza cha skrubu ndogo, unene milimita 4.7, na nafasi kati ya nyuzi zake zinalingana karibu kabisa: milimita 0.81 kwa 0.8. Lakini M5 ni nene zaidi, itakula nyuzi za tundu na baada ya hapo hakuna kitakachoshika. Nimeirudisha. Wiki ijayo kuna kabati bovu la swichi linavunjwa kwenye kinu cha zamani, na vifaa vya umeme vya Kiingereza vya enzi hizo vilijaa skrubu za BA. Nitakwenda na bisibisi mbili na kopo tupu.