Jinsi ya kutumia kitenzi cha Kijapani "himeru"

Wanafunzi ninaowafundisha Kijapani wanapokutana na himeru (秘める) hukimbilia kukitafsiri kuwa "kuficha", na makosa yao karibu yote huanzia hapo.

Hatua ya 1: Kitenganishe na kakusu. Kakusu (隠す) ndiko kuficha kwa kila siku: ufunguo, fedha, hata umri. Himeru hudai kitu kinachokaa ndani ya mwenyewe, kama vile pendo, azma, huzuni au kipaji. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwenye insha kwamba nimeuhimeru ufunguo chini ya mkeka, na mwalimu akauliza pembeni, kwa wino mwekundu, iwapo ufunguo huo ulikuwa umependa mtu.

Hatua ya 2: Taja mahali. Fungu linalotumika mno ni omoi o mune ni himeru. Omoi ni hisia za moyoni, o huonyesha yambwa, mune (胸) ni kifua, na neno la Kijapani ni hufanya kazi ileile ya -ni yetu katika "kifuani". Mswahili anayesema kwamba fulani ana kifua, akimaanisha kuwa hatoi siri, amekwisha kulikaribia neno hili, ila mwenye kifua hutunza hata siri za wenzake, ilhali anayehimeru kwa kawaida hutunza yaliyo yake.

Hatua ya 3: Kinyambue. Dondosha ru, kisha upate himenai (kukanusha), himeta (wakati uliopita) na himete iru (hali inayoendelea). Kwa kuwa kinachoelezwa ni hali inayoendelea, utakutana zaidi na himete iru, au himeta mbele ya nomino, kama katika himeta omoi. Ni lugha ya maandishi zaidi kuliko ya mazungumzo ya sokoni.

Hatua ya 4: Angalia kipaji. Kono ko wa ookina kanousei o himete iru humaanisha kwamba mtoto huyu ana uwezo mkubwa ambao bado haujajitokeza, na pengine yeye mwenyewe hana habari nao. Ukiandika "anauficha", umemsingizia uchoyo. Hata mashine au mmea huweza kuwa kiima cha sentensi kama hii.

Hatua ya 5: Jipime. Sema kwa Kijapani kwamba unampenda jirani yako na hujamwambia mtu. Jibu langu: Tonari no hito e no omoi o mune ni himete iru. Ukiteleza ukasema hisomete iru, umechukua kitenzi cha kushusha sauti au kubana pumzi.